Mbwa anaangalia wapi? Miaka yangu mitatu ya kusoma historia ya sanaa na fasihi kwa pamoja

Nimekuwa naulizwa sana kuhusu kozi niliyosoma, hasa na vijana wa form six na watoto wa ndugu zangu, manake nikisema nina digrii ya historia ya sanaa na fasihi ya Kiingereza mtu ananyamaza kidogo afu anauliza, sa hiyo kazi yake nini. Nimeshajibu kwa mdomo mara nyingi mpaka nimeona bora niandike yote kwa pamoja, na niandike kwa urefu, kwa sababu jibu fupi huwa linamuacha mtu pale pale alipokuwa.

Mi nimezaliwa Dar, nikalelewa na bibi mzaa mama pale Kunduchi mpaka nina miaka 14. Mama alikuwa London anafanya unesi, nami nikamfuata nikamalizia shule huko. Nilivyofika wakati wa kuchagua chuo nilikuwa napenda vitu viwili na sikutaka kuacha hata kimoja, kusoma vitabu na kuangalia picha, basi nikaona kuna chuo kinaruhusu kuchukua masomo mawili kwenye digrii moja, nikajaza fomu. Mama hakunikatalia ila alisema neno moja tu akiwa anapiga pasi nguo zake za kazini, "Mshika mbili, mwanangu." Hakumalizia, na sote tunajua methali inavyoishia.

Kwa wasiojua inavyokwenda, digrii ya kawaida kule England ni miaka 3, kila mwaka unatakiwa ukusanye krediti 120, jumla 360. Ukisoma masomo mawili unagawa katikati, 60 huku 60 kule, kila mwaka hivyo hivyo. Kwenye karatasi inaonekana kama nusu na nusu inatengeneza moja, lakini mtu akija kunishauri leo ntamwambia hesabu haiko hivyo, ntaeleza huko mbele.

Somo kubwa kuliko yote nililipata wiki ya tatu tu, na lilinipata vibaya.

Mwalimu wetu wa historia ya sanaa, mama mmoja mtu mzima mwenye sauti ya chini sana, alitupeleka National Gallery pale Trafalgar Square, kuingia ni bure, tukawa kama kumi na mbili hivi, akatuweka mbele ya picha moja ya Jan van Eyck, ya mwaka 1434, wale mume na mke wameshikana mikono chumbani, watu wengi wameshaiona hata kama hawajui jina lake, inaitwa picha ya Arnolfini. Ni ndogo kuliko unavyodhani, sentimita 82 kwa 60. Akasema mkae hapa dakika 40, kila mtu aandike anachokiona, na ni marufuku kuandika neno "inamaanisha".

Sasa mi usiku wa jana yake nilikuwa nimejiandaa. Nimepitia intaneti mpaka saa saba, najua mbwa ni uaminifu, najua mshumaa mmoja unaowaka mchana ni alama ya Mungu, najua machungwa pale dirishani ni utajiri, najua mwanamke ni mjamzito. Nikaandika kurasa mbili kwa dakika kumi nikaweka kalamu chini. Yule mama akaja, akachukua daftari, akasoma yote bila kubadilisha uso, afu akaniuliza taratibu kabisa, "Mbwa anaangalia wapi?"

Nilikuwa nimekaa mbele ya ile picha dakika kumi nzima na sikujua mbwa anaangalia wapi. Ikabidi niinue macho nitafute. Mbwa alikuwa ananitazama mimi. Mwanamke anamtazama mwanaume, mwanaume macho yake yako kwingine, na yule mbwa mdogo wa manyoya ndo anamtazama moja kwa moja anayesimama mbele ya picha. Nilijisikia aibu sana, aibu ya kweli, kwa sababu nilikuwa nimeandika habari za yule mbwa sentensi tatu nzima.

Nikafuta yote nikaanza upya. Na hapo ndo nikaanza kuona. Mwanamke hana mimba, amekusanya kitambaa cha gauni lake la kijani akakishikilia tumboni, gauni ni refu mno na kitambaa ni kingi, ndo fasheni ya wakati ule. Chini kushoto kuna viatu vya mbao vimevuliwa, na mimi nilivijua mara moja, ni mitalawanda, bibi yangu alikuwa na jozi yake ya kuendea chooni, nikaandika mitalawanda kwa Kiswahili kwenye daftari. Ukutani kuna kioo cha mviringo kilichobinuka, ukikisogelea unaona migongo ya wale wawili, na katikati yao, mlangoni, kuna watu wawili wengine wadogo sana wanaingia, yaani wamesimama pale pale uliposimama wewe mtazamaji. Na juu ya kioo kuna maandishi. Kwa Kilatini, kwa mwandiko wa mikogo kama wa hati za kisheria, yanasema Johannes de Eyck alikuwa hapa, 1434.

Alikuwa hapa. Wachoraji wengi wangeandika fulani amechora. Yeye kaandika alikuwa hapa, kama shahidi anayeweka sahihi. Nilivyosoma ile mistari nikahisi kabisa kichwani mlango umefunguka, kwa sababu kuuliza ni nani anayesema, anasema kwa wakati gani, na anamwambia nani, hilo nilikuwa nafundishwa kila Jumanne kwenye semina za fasihi, na hapa lilikuwa limeandikwa ukutani ndani ya picha. Wenzangu wa historia ya sanaa tupu waliyaona maandishi kama tarehe tu. Wenzangu wa fasihi wasingefika kwenye kioo, wangeishia kwenye hadithi ya ndoa. Mi nilikuwa nimekaa katikati na kwa mara ya kwanza nikaona katikati ni mahali pazuri.

Nataka mtu anayesoma hapa aelewe ugonjwa niliokuwa nao manake wengi tunao. Fasihi tunavyofundishwa shuleni inatuzoesha kukimbilia maana. Tukiona ua tunasema ni uzuri, tukiona njia panda tunasema ni uamuzi, mtihani unataka dhamira tatu na mafunzo manne, unazitoa unapata maksi. Hakuna anayekuuliza hilo ua ni ua gani. Historia ya sanaa ilinivunja hiyo tabia, kwa sababu kitu kipo mbele yako, kina upande wa kushoto na kulia, kina ufa, kina mahali rangi imekwisha, hauwezi ukasema unachotaka. Nayo ina ugonjwa wake upande wa pili, wapo watu nimesoma nao wanaweza kukwambia karatasi ilitengenezwa wapi na rangi ya buluu ilitoka mlima gani lakini ukiwapa ubeti wa mashairi hawasikii kwamba anayesema analia.

Mwaka wa pili hili lilinitokea wazi kabisa na William Blake. Huyu alizaliwa London 1757, alikuwa fundi wa kuchonga mabamba ya shaba kwa ajili ya chapa na pia ni mshairi. Kwenye fasihi tulipewa shairi lake la chui milia kwenye kitabu kikubwa cha mkusanyo, limechapwa vizuri, herufi nyeusi karatasi nyeupe, tukalijadili masaa mawili, moto, nyundo, tanuru, kiumbe cha kutisha, ni nani aliyethubutu kukiumba. Wiki ile ile upande wa pili tukafundishwa jinsi Blake alivyokuwa anachapa. Alikuwa anaandika shairi na kuchora picha yake kwenye bamba moja la shaba, anaandika kinyumenyume ili likichapwa lisomeke, kwa kimiminika ambacho asidi haikili, afu anamwaga asidi inakula sehemu zilizobaki, herufi na picha zinabaki zimeinuka pamoja. Baada ya kuchapa wanapaka rangi kwa mkono, yeye na mkewe Catherine. Catherine siku ya ndoa yao 1782 alisaini kwa alama ya msalaba kwa kuwa hakujua kuandika, na mkono huo huo ukaja kupaka rangi kurasa za mashairi ambazo leo zinahifadhiwa kama dhahabu.

Nikaomba kuiona yenyewe. Kwenye majumba makubwa ya makumbusho kule kuna vyumba vya kusomea ambapo mtu yeyote akiweka miadi analetewa chapa na michoro mezani, sio lazima uwe profesa, na hili naliandika kwa makusudi kwa sababu vijana wengi wa kwetu waliopo huko hawajui kama wanaruhusiwa. Nikaletewa. Sehemu iliyochapwa ni ndogo kuliko pasipoti. Na yule mnyama chini ya shairi, yule ambaye tulimjadili masaa mawili mpaka tukaogopa, ni mpole. Amesimama tu chini ya mti kama paka wa jirani. Sijui nilikaa muda gani nikimwangalia. Maneno yanatisha, picha haitishi, na vyote viwili vimetoka kwenye bamba moja, kwa mkono mmoja. Ukisoma shairi peke yake umepata nusu, ukiona picha peke yake umepata nusu, na zile nusu mbili zinabishana. Nilirudi semina ya fasihi nikiwa na hamu ya kulisema hilo, mwalimu akasikiliza kwa heshima akasema turudi kwenye maandishi. Sikukasirika, ila nilijua hapo kwamba kazi ya kuunganisha ni yangu, hakuna mtu atakayenifanyia.

Na hiyo ndo hesabu niliyosema ntaieleza. Ukisoma masomo mawili, idara mbili hazijuani. Kila idara inapanga asainmenti kama vile ndo yenyewe tu duniani, kwa hiyo wiki ya mwisho wa muhula una insha nne na wenzako wana mbili au tatu. Huku wanataka rejea ziandikwe hivi, kule wanataka vile, ukichanganya unakatwa maksi. Kuna kipindi mihadhara miwili iligongana saa moja na ofisi mbili zikanirushiana wiki tatu kama mpira. Hakuna kundi lako, wa huku wanakuona wa kule. Mtu mwenye moyo mwepesi atachoka mapema, na bora alijue hilo kabla hajajaza fomu. Mimi kilichonisaidia ni kitu kidogo tu, nilikuwa na daftari moja kwa masomo yote mawili. Sikutenganisha. Ukurasa wa kushoto ninachokiona, ukurasa wa kulia ninachokisoma.

Ikaja tasnifu ya mwaka wa mwisho, maneno 10,000. Nilitaka kuandika juu ya kwetu. Kuna utendi mkubwa wa pwani unaitwa Al-Inkishafi, mtunzi wake ni Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unazungumzia kuanguka kwa mji wa Pate huko visiwa vya Lamu, matajiri walivyokuwa na majumba yao na taa zao na sasa hawapo. Nilitaka nisome ule utendi pamoja na nyumba zenyewe, zile kuta zenye madaka, yaani vishubaka, ya plasta. Idara ya fasihi ikasema hiyo sio fasihi ya Kiingereza. Idara ya sanaa ikasema haina mtaalamu wa pwani ya Afrika Mashariki. Nikazunguka mwezi mzima nakaribia kukata tamaa niandike tu kitu cha Uingereza, mpaka mwalimu mmoja anayefundisha hati za kale za Kiislamu akaniita akasema mi Kiswahili sijui, wewe utanifundisha maneno na mi ntakufundisha kuangalia. Namshukuru mpaka leo.

Akanituma SOAS, chuo kingine hapo hapo London, maktaba yao ina hati za mashairi ya Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zikiwemo alizokusanya William Hichens, yule aliyechapisha Al-Inkishafi kitabuni mwaka 1939. Unaingia na penseli tu, kalamu ya wino unaiacha nje, hati unawekewa juu ya mito maalum. Nilisoma madrasa Kunduchi kwa hiyo herufi nazijua, lakini kusoma Kiswahili kwa herufi hizo ni kazi ya jasho, kwa sababu Kiarabu hakina p wala v, mwandishi anaweka b penye p, anaweka f penye v, neno moja linaweza kuwa matatu. Hauwezi kulijua kwa macho peke yake. Ikabidi nisome kwa sauti, kwa kunong'ona ili nisiwasumbue wengine, na nikinong'ona neno linakuja lenyewe, kwa sauti ya bibi na watu wazima wa kule. Pale maktaba baridi nje, nikasikia Kiswahili cha babu zangu kinatoka kwenye karatasi.

Kuna sehemu ya utendi inataja madaka ya nyumba, madaka ya kuwekea zisahani, kwamba sasa humo wamelala makinda ya ndege. Popo wananing'inia juu, mende wanavuma ndani. Niliwahi kukutana na hiyo sehemu zamani nikaipita nikijisemea ah, dhamira hapa ni dunia haidumu. Sasa nikakaa nayo. Daka ni kijishubaka ukutani. Kwa nini mtu ajenge ukuta mzima wa vishubaka vidogo vidogo, kwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, achonge nakshi kila ukingo? Ili sahani na bakuli za kutoka China zikae zionekane, ili taa ikiwashwa zing'ae. Kwa hiyo mshairi aliposema makinda ya ndege yamelala kwenye daka la sahani, msikilizaji wake wa Lamu alikuwa analijua lile daka, alikuwa nalo nyumbani, pengine amekaa chini yake wakati anasikiliza. Hilo ndo linaumiza. Dunia haidumu kila mtu anaisema. Ndege kutaga kwenye kabati lako la vyombo, hiyo inakugusa kifuani.

Na kuna neno moja lilinipa sura nzima ya tasnifu. Kutunga. Mwanzoni mwa utendi mtunzi anasema kusudi lake ni kutunga koja, yaani mkufu, wa lulu. Nikawaza jinsi tunavyolitumia hilo neno bila kufikiri. Mwanamke anatunga shanga. Mshairi anatunga shairi. Mvuvi Kunduchi anakuuzia mtungo wa samaki, amewapitisha ukindu kwenye matamvua wananing'inia kwa mstari. Ni kitendo kile kile, unachukua kimoja kimoja unakipitisha kwenye uzi kwa mpangilio. Ukija kwenye fundi pia, aliyechonga mlango ni fundi, na anayetunga vizuri tunamwita fundi wa mashairi. Kule nilikosoma ilibidi idara mbili, majengo mawili na barua kumi ili niweke shairi na ukuta kwenye insha moja, na lugha niliyolelewa nayo ilishaviweka pamoja kwenye tendo moja. Nililiandika hilo kwa uzito wote kwenye utangulizi.

Likizo kabla ya mwaka wa mwisho nilirudi Dar kwa bibi. Lamu sikuwa na hela ya kufika wakati ule, nilifika miaka miwili baadaye nikaona kuta za madaka kwa macho, safu kwa safu, nikasimama mpaka mlinzi akaniletea kiti. Lakini Kunduchi tuna magofu yetu, nyuma ya kijiji cha wavuvi, kuna msikiti wa zamani na makaburi yenye nguzo, na kwenye nguzo walipachika vyombo vya China. Nimekulia pale miaka 14 na nilikuwa napita karibu kwenda kuogelea. Sikuwahi kusimama. Mortimer Wheeler, yule mwanaakiolojia wa Uingereza, alipopita pwani hii miaka ya 1950 alisema historia iliyofukiwa ya Tanganyika imeandikwa kwa vyombo vya Kichina, na mimi nikasema kama imeandikwa basi nami niende nikasome.

Vyombo vingi vimeng'olewa. Kilichobaki ni vishimo vya mviringo kwenye plasta. Nikapiga picha, nikapima, nikaandika kwenye tasnifu kwamba sahani zilizopachikwa makaburini na sahani za kwenye utendi zinazungumza kitu kimoja, walio hai waliziweka kwenye daka na waliokufa waliwekewa kwenye nguzo. Nikapata maksi nzuri, nzuri kuliko zote nilizowahi kupata.

Sasa kazi, manake najua ndo wengi wanachosubiri. Sitawadanganya. Nilihitimu nikakaa miezi saba naomba kazi, intavyu mbili tu. Nikapanga bidhaa supamaketi usiku. Afu nikapata kazi ya kusimama kwenye chumba cha maonyesho, wewe ndo unalinda vitu na kuelekeza watu choo kiko wapi, mshahara wa kima cha chini. Ile kazi nikaipenda sana. Masaa nane unaangalia watu wakiangalia. Nikagundua mtu anakaa mbele ya kitu sekunde chache, anainama anasoma lebo, anaondoka. Yaani anatumia muda mwingi kusoma kuliko kuona. Na lebo zenyewe zilikuwa zinaeleza kila kitu isipokuwa kitu kilichopo. Nikaanza kuandika lebo zangu mwenyewe daftarini, za vitu vilivyokuwa chumbani kwangu. Siku moja msimamizi akaziona, akazichukua, baada ya wiki kadhaa nikaambiwa niandike kumi za majaribio.

Leo ndo ninachofanya, naandika lebo na maelezo ya sauti kwa makumbusho na maonyesho, kwa mkataba, Kiingereza na Kiswahili. Hela sio ya kujengea ghorofa, nalipa kodi na natuma nyumbani. Lebo moja ni maneno 60 hivi. Kwenye 60 hizo lazima umfanye mtu ainue macho arudi kwenye kitu, kwa hiyo sentensi ya kwanza siku zote naandika kitu cha kutafuta, angalia ukingo wa kulia, hesabu vidole, tafuta alama ya moto. Maana inakuja mwisho ikibaki nafasi. Bila miaka ile mitatu nisingeweza, fasihi imenipa sikio la kujua maneno 60 yanapumua wapi na sanaa imenipa macho, na sijui ningeacha lipi. Kwa Kiswahili ndo kazi zaidi, kwa sababu wengi wanaotafsiri lebo wanaandika Kiswahili cha ofisini ambacho bibi yangu hawezi kukisoma mpaka mwisho. Mi nikikwama nampigia simu. Nilimwelezea ubao mmoja wa kuchongwa dakika ishirini, akaniambia hiyo nakshi kwetu tuliiita hivi, basi ikaenda hivyo hivyo ukutani.

Kijana anayetaka kusoma hii, asome akijua kwamba hakuna atakayemuunganishia, na aanze kuangalia vitu kabla hajafika chuo. Havihitaji ada. Mlango wa msikiti wa mtaani kwenu, kanga za mama yako na majina yake, maandishi ya nyuma ya daladala na jinsi fundi alivyozipinda herufi zikaenea.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani. Bibi ana miaka themanini na kitu, miguu inamsumbua lakini akasema, "Mume wangu, kila siku unanisumbua kwenye simu na hayo makaburi, nipeleke basi nikayaone hayo uliyosomea." Nikakodi bajaji mpaka karibu kabisa. Akashuka na fimbo yake, akasalimia makaburi kwanza, assalam aleikum, akakaa kwenye jiwe kupumzika chini ya mbuyu. Akaniambia enzi zao wakiwa wasichana walikatazwa kupita hapa magharibi, na watu walikuwa wanakuja kuweka ubani. Hilo sikuwahi kulisoma popote.

Nikamwonyesha vile vishimo, nikamwambia hapa zilikaa sahani bibi, na kuna shairi linazitaja. Hakujibu. Akanipa fimbo nishike. Akaingiza vidole kwenye kishimo kimoja, akazungusha taratibu kama mtu anayekwangua uji, akatoa, akaingiza tena. Akaniambia lete mkono wako. Akanishika kidole akanipitisha ndani kwenye plasta, na huko chini kabisa kuna mfereji mwembamba wa duara, nilikuwa nimeupiga picha mara kumi na sikuwahi kuugusa.

"Huu ni ufito wa kitako," akasema. "Na shimo lina kina. Sahani haina kina hivi. Hii ilikuwa bakuli."

Nikatoa daftari, nikafungua ukurasa wa kushoto, nikaandika bakuli.